Diski Mpya, Windows Ileile

Kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, HP EliteBook 840 G1 ni mgeni aliyekwishakuwa mwenyeji. Ni laptopu iliyoingia sokoni mwaka 2013, ikahudumu kwenye ofisi za ng'ambo, kisha ikauzwa kwa mkupuo pamoja na wenzake na kupakiwa kuja huku. Kibodi yake bado inabonyea vizuri, na prosesa yake inaimudu Word, Excel na hata mikutano ya video. Tatizo huanza pale inapowashwa. Duara la Windows huzunguka, taa ya diski humulika bila kupumzika, na mwenye mashine hupata muda wa kwenda kusalimia jirani na kurudi. Wengi huhitimisha kwamba kompyuta imezeeka. Mara nyingi kilichozeeka ni kifaa kimoja tu, tena kinachofunguliwa kwa bisibisi.

Ndani ya diski ya zamani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Faili inapoitwa, mkono husogea, kisha husubiri sahani ilete sehemu inayotakiwa chini ya kichwa hicho. Shughuli hiyo huchukua milisekunde 10 na ushei. Kwa binadamu huo si muda, lakini Windows inapowaka huita maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, na kila moja hudai safari yake. Diski mpya ya aina ya SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea: data imo kwenye chipu, na huifikia kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana laptopu ileile, bila kubadilishwa prosesa, huonekana imefufuka.

Wauzaji hupenda kuonyesha tarakimu za kwenye boksi. SSD ya aina ya SATA husoma megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na nyingi za NVMe huvuka 3,000. Tofauti hiyo ni ya kweli kwa anayehariri video. Kwa anayeandika barua na kusoma habari mtandaoni, hatua kubwa ni kuiacha diski ya kuzunguka. Kati ya SSD moja na nyingine atapata shida kutambua ipi ni ipi.

Kununua ni rahisi. Swali linalowanyima watu usingizi ni hili: Windows iliyopo, programu zilizosakinishwa miaka yote hii, na picha za harusi, vitahamaje?

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kufungua diski C, kuchagua kila kitu, kunakili na kubandika. Haliwezi kufanya kazi. Kwanza, Windows ikiwa imewaka hushikilia faili zake nyingi na hairuhusu zinakiliwe hivyo. Pili, C si diski nzima. Kwenye kompyuta inayotumia UEFI, mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta, diski imegawanywa sehemu kadhaa, na nyingine hazionekani kabisa kwa mtumiaji. Iko sehemu ndogo, kwa kawaida megabaiti 100, yenye programu ya kuiwasha Windows. Iko nyingine ya megabaiti 16 iliyotengwa na Microsoft. Kisha ndiyo C yenyewe, na mara nyingi nyuma yake sehemu ya kurekebishia mfumo unapoharibika. Kompyuta ikiwashwa huanzia kwenye ile ndogo ya kwanza. Ukihamisha C peke yake, data zote zitakuwepo kwenye diski mpya na bado skrini itasema haioni cha kuwasha.

Kwa hiyo mafundi hukloni, yaani hunakili diski nzima pamoja na migawanyo yake, sehemu za siri na utambulisho wake. Programu za kazi hiyo zipo, na kadhaa ni za bure. Clonezilla, inayotengenezwa Taiwan, huwashwa kutoka kwenye flashi na haihitaji Windows iwe hai. Kampuni za SSD nazo hutoa programu zao: ya Samsung hukubali kuhamishia kwenye SSD za Samsung tu, na wanunuzi wa Crucial hupewa toleo la Acronis. Macrium Reflect, iliyopendwa na wengi kwa miaka, ilisitisha toleo lake la bure, ingawa majukwaa ya mafundi bado yanaitaja kama kwamba hakuna kilichobadilika.

Kwenye laptopu yenye nafasi moja ya diski, SSD mpya huwekwa kwanza kwenye kasha la USB, ikapokea kloni ikiwa nje, ndipo ikabadilishana mahali na diski ya zamani. Kukloni kwenyewe hakumtaki mtu afanye kitu zaidi ya kusubiri. Hatari iko kwenye skrini moja tu: ile inayouliza ipi ni diski chanzo na ipi ni diski lengwa. Clonezilla huziita sda na sdb, majina yasiyosema lolote. Anayezigeuza hunakili diski tupu juu ya diski iliyojaa, na programu hutii bila kinyongo. Dawa ni kutazama ukubwa na jina la kampuni, si herufi, na kusoma onyo la mwisho neno kwa neno kabla ya kukubali. Na kabla ya yote hayo, nyaraka muhimu ziwe zimeshanakiliwa kwenye diski ya tatu. Fundi asiyeuliza habari ya nakala hiyo kabla hajashika bisibisi hafai kuachiwa mashine.

Jambo la pili la kutazama mapema ni afya ya diski ya zamani. CrystalDiskInfo, programu ya bure, husoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe na kusema kama imeanza kuchoka. Diski mgonjwa ikilazimishwa kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho inaweza kufia njiani. Kwa diski ya namna hiyo, okoa faili kwanza. Windows inaweza kusakinishwa upya wakati wowote.

Kisha lipo suala la ukubwa, ambalo kwetu ni la kila siku kwa sababu watu hutoka kwenye diski ya gigabaiti 500 na kununua SSD ya 256, ndiyo iliyo nafuu. Hilo linawezekana iwapo vilivyomo vinaingia, lakini hesabu ifanywe vizuri. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa makumi, Windows huhesabu kwa 1,024. Hivyo SSD ya 256 huonekana 238, na ya 240 huonekana 223. Hakuna aliyeibiwa. Clonezilla, kwa mipangilio yake ya kawaida, hukataa diski lengwa iliyo ndogo kuliko chanzo, hivyo C hupunguzwa kwanza, au hutumika programu inayojua kujipunguzia yenyewe. Kinyume chake pia kina kero: ukihamia diski kubwa, ile sehemu ya kurekebishia mfumo hukaa mara baada ya C na kuizuia isipanuke hadi ihamishwe.

Wengine wanakumbana na urithi wa zamani zaidi. Mpangilio wa diski uitwao MBR ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. Anayekloni diski ya MBR kwenda ya terabaiti 4 atabaki na nusu asiyoweza kuitumia mpaka ahamie mpangilio wa GPT. Windows 10 ina amri iitwayo mbr2gpt inayofanya hivyo bila kufuta data.

Kufuli nalo lisisahaulike. Laptopu nyingi za ofisini zimefungwa kwa BitLocker, na mashine mpya za Windows 11 hufungwa hata bila mwenyewe kujua. Baada ya kubadilisha diski, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Huo hutafutwa kabla ya kazi, kwa kawaida kwenye akaunti ya Microsoft, na BitLocker husimamishwa kwa muda wakati wa kuhama.

Uwashaji wa kwanza ufanyike diski mpya ikiwa peke yake. Kloni hubeba hata namba ya utambulisho ya diski, na mfumo ukiona mbili zenye namba moja huchanganyikiwa: Windows huizima mojawapo, Linux inaweza kuwasha isiyotakiwa. Anayeruka kutoka SATA kwenda NVMe huenda akakutana na skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mara nyingi kuiwasha mara moja katika hali salama huifanya Windows itambue kifaa kipya. Na kabla ya kununua, mtu ajue laptopu yake inapokea nini. SSD za umbo la M.2 zinafanana sana kwa macho, ilhali moja ni SATA na nyingine ni NVMe.

Je, kila mtu akloni? Hapana. Windows yenye virusi, yenye programu zisizojulikana zimetoka wapi, au iliyopitia mikono ya mafundi watano, ikikloniwa huhama na uchafu wake wote. Hapo kusakinisha upya ni bora, hata kama kunachosha. Wengi huogopa kupoteza leseni, na wapo wanaolipia ufunguo mwingine mtaani bila sababu. Leseni ya kidijitali ya Windows 10 na 11 imefungamana na ubao mama, si diski. Ukisakinisha toleo lilelile na kuunganisha intaneti, kwa kawaida hujithibitisha.

Wanunuzi wawe macho pia na SSD za bei ya kutupa zinazojitangaza kuwa na terabaiti kadhaa. Baadhi ni kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kasha kubwa, iliyofundishwa kudanganya kuhusu ukubwa wake. H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huijaza diski kisha huisoma tena, na uongo hudhihirika. Jaribio hilo lifanywe kabla ya kuhamisha chochote.

Kuna ukomo ambao SSD haiuvuki. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ulipangwa kwa mwaka mmoja tu. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa jumla kizazi cha nane kwenda mbele. EliteBook 840 G1 ni ya kizazi cha nne. Kwa mashine kama hiyo, SSD pamoja na Linux Mint au Ubuntu ni uamuzi wenye akili zaidi kuliko kuing'ang'ania Windows isiyolindwa.

Inabaki diski iliyotolewa. Ikae kabatini wiki kadhaa mpaka mpya ijithibitishe, kisha ifutwe. Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003: ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo, na kwenye nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki. Kufomati kwa haraka huondoa orodha tu, faili hubaki. Kwa diski ya kuzunguka, amri ya clean all ndani ya diskpart huandika sifuri kila mahali. Ihakikiwe mara mbili kwamba ndiyo diski iliyochaguliwa. Kama hujui kuitumia, usimwachie fundi diski hiyo kama zawadi, ondoka nayo.