KUMBE JIWE HILI LINA UHAI!

Likizo ya Desemba ikikaribia, vikundi vya vijana na akina mama wa mitaa yetu huanza kuchanga pesa za basi la kwenda Mombasa. Sisi wa Njiru tunajua mawe ya machimbo kuliko tunavyoijua bahari. Kwa hivyo tumeona vyema tueleze juu ya jamaa moja ya wanyama wa baharini wanaochoma. Wanaweza kutuharibia safari, na sisi pia tunaweza kuwaharibu wao.

Jamaa hii ina aina zaidi ya 10,000. Kuna konyeza, au yavuyavu, aliye laini na huelea kama mwavuli. Kuna wale walioshika mwambani, ukiwaona utadhani ni maua. Kuna matumbawe, ambayo wageni wengi hudhani ni mawe tu. Hata Ziwa Tanganyika, lenye maji baridi, lina konyeza wadogo kama sarafu.

Maumbo ni mengi, lakini silaha ni moja. Ngozini mwao mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko mna uzi uliokunjwa. Ukigusa tu, uzi unafyatuka kama mtego, unachoma na kutia sumu. Ndivyo wanavyokamata chakula. Hata konyeza aliyekufa mchangani bado anaweza kuchoma, basi watoto wasimchezee. Tujihadhari pia na yule aeleaye kama puto la buluu lenye nyuzi ndefu.

Mtu akichomwa, afanyiwe nini?

1. Atoke majini polepole, wala asijisugue.
2. Aoshwe kwa maji ya bahari. Maji ya mfereji yanaweza kufyatua vifuko vilivyobaki. Na yale mambo ya kukojolea kidonda, tuyaache kabisa.
3. Nyuzi zitolewe kwa kibano au kijiti, si kwa mkono mtupu.
4. Kisha sehemu hiyo itiwe kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, bila kumbabua, kwa dakika 20 au zaidi. Maumivu yatapungua.
5. Akipata shida ya kupumua au kifua kikimbana, hospitali mara moja!

Na matumbawe je? Tumbawe hujengwa na maelfu ya wanyama wadogo, kila mmoja na mdomo wake, wakiweka chokaa chini yao mwaka hadi mwaka. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya mawe ya namna hiyo. Samaki hujificha na kulelewa humo, na mvuvi hupata riziki yake. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe na mengi ya pwani yetu yakafa. Kurudi kwake si kazi ya siku moja, maana mengine hukua chini ya sentimita 2 kwa mwaka. Hatua moja ya kiatu chako inavunja jasho la miaka mingi.

Serikali ilitenga hifadhi za baharini za Malindi na Watamu mwaka 1968. Nasi tufanye sehemu yetu: tusikanyage matumbawe, tusiyavunje, tusiyanunue kama zawadi ya kupeleka nyumbani.

Viongozi wa safari, tunawaomba msome hatua hizi tano kwa sauti ndani ya basi kabla halijafika pwani.