Muswada Hautembei Wenyewe

Wanangu, leo sina habari za sungura wala fisi. Nina habari za binti wa Marekani aliyepata alama ya D katika somo la uandishi wa kubuni, na mwaka huohuo alikuwa nyumbani anaandika riwaya ambayo mamilioni ya vijana wamekwisha kuisoma. Tegeni sikio, maana najua wengi wenu mna daftari mlilolificha chini ya godoro.

Binti huyo anaitwa Susan Eloise Hinton. Alizaliwa mwaka 1948 mjini Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, akasoma sekondari hapohapo mjini. Shuleni kwao wanafunzi walijigawa makundi. Watoto wa makabwela waliitwa Greasers, kwa sababu ya nywele zao ndefu walizozipaka mafuta mpaka zikameremeta. Watoto wa wenye nazo waliitwa Socs. Makundi hayo hayakuiva chungu kimoja.

Siku moja rafiki yake Susan alipigwa akitoka shule, kosa lake ni kuwa wa kundi lisilotakiwa. Susan akarudi nyumbani na hasira yake, akakaa, akaanza kuandika kisa cha mvulana anayepigwa akitoka sinema. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 15.

Hasira peke yake isingemfikisha mbali. Susan alikuwa pia na kiu ya msomaji. Vitabu vya vijana vya zama zile vilijaa habari za msichana anayengoja kualikwa dansi ya shule. Alitafuta kitabu kinachowasema vijana aliokaa nao darasani, wenye makovu na wasio na wazazi, asikipate. Basi akakiandika mwenyewe.

Msimulizi wa riwaya yake ni Ponyboy, mvulana wa miaka 14 anayelelewa na kaka zake wawili baada ya baba na mama kufa katika ajali ya gari. Usiku mmoja Ponyboy anazamishwa kichwa ndani ya maji bustanini, na rafiki yake Johnny, kijana mpole kuliko wote, anachomoa kisu ili kumwokoa. Mtu anakufa. Kuanzia hapo hakuna anayebaki kama alivyokuwa.

Sasa sogeeni karibu mwone jinsi kitabu kilivyokua. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa 40 zilizobananishwa mistari, zimepigwa kwa taipu. Wengi wetu tukifika hapo tungeandika neno "Mwisho" na kwenda kujitangaza. Susan alirudi mwanzo. Akaongeza uso wa huyu, sauti ya yule, harufu ya chumba, sababu ya ugomvi. Alipomaliza akarudi tena, kisha tena. Kumbukeni kwamba taipu ya zama zile haikuwa na kitufe cha kufuta. Ukitaka kuingiza sentensi moja katikati ya ukurasa, unachomeka karatasi mpya na kuupiga ukurasa wote upya, kuanzia herufi ya kwanza. Nyumba nayo ilikuwa na majonzi, kwa maana baba yake alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, na alifariki Susan akiwa bado mwanafunzi. Binti aliendelea kuandika.

Na ile D? Ilibaki kwenye ripoti ya shule. Alama hupima kazi uliyomkabidhi mwalimu. Kazi iliyo mezani kwako nyumbani haiijui. Nasema hivi si ili mdharau walimu. Nasema ili asiwepo kati yenu atakayechoma daftari lake kwa sababu ya herufi moja ya wino mwekundu.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Muswada ulikuwa tayari, lakini muswada hauna miguu. Ungeweza kulala sandukuni mpaka ukaliwa na mchwa. Ulichukuliwa na mikono ya watu. Susan alimwambia rafiki yake kwamba anaandika kitabu. Mama wa rafiki huyo alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Akauomba, akausoma, akampa Susan jina la wakala huko New York, Marilyn Marlow.

Wakala ni nani? Ni mshenga. Kama vile mshenga anavyojua nyumba ipi ina binti na nyumba ipi ina masharti magumu, ndivyo wakala anavyojua kampuni ipi inatafuta kitabu cha namna gani. Anaupeleka muswada, anajadili masharti, na ujira wake ni sehemu ya fedha ambazo kitabu kitamwingizia mwandishi. Kitabu kisipopata mchumba, mshenga hapati kitu.

Kampuni ya Viking ikaukubali. Mkataba ulimfikia Susan mwaka 1966, siku ya mahafali yake ya kumaliza sekondari. Alikuwa hajatimiza miaka 18. Riwaya, kwa jina The Outsiders, ilitoka Aprili 1967. Kwenye jalada waliandika S. E. Hinton, kwa shauri la wachapishaji, waliohofu kwamba wahakiki wakiona jina la msichana juu ya hadithi ya wavulana na visu wataidharau kabla ya kuifungua. Hofu ile inatuonyesha ulimwengu ulivyokuwa. Kitabu kilishinda hofu hiyo.

Naomba mwelewe vizuri neno mkataba, maana wengi wameumia hapa. Mchapishaji anayeukubali muswada wako hugharamia mhariri, jalada, uchapaji na usambazaji, kisha hukulipa mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya kila nakala inayouzwa. Mpiga chapa ni mtu mwingine kabisa. Yeye unamlipa, anakuchapia nakala mia tano, anakuletea maboksi mlangoni, na kuuza ni juu yako. Kazi zote mbili ni halali. Asiye halali ni yule anayejiita mchapishaji huku anakudai fedha zako. Na kama hujafikisha miaka 18, usitie saini peke yako. Mzazi au mlezi asome kila kifungu na aweke saini pamoja nawe.

Sifa nazo zina mitego. Baada ya kitabu cha kwanza kuvuma, Susan alikauka, hakuandika kwa muda mrefu. Mchumba wake, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, akamwekea sharti: kurasa mbili kwa siku. Haba na haba, riwaya ya pili ikatoka mwaka 1971.

Na mikono haikuisha. Mwaka 1980 wanafunzi wa shule ya Lone Star huko Fresno, California, walitia saini barua wakamwandikia mwongozaji wa filamu Francis Ford Coppola, wakimwomba akigeuze kitabu wanachokipenda kuwa filamu. Mkutubi wao aliituma barua pamoja na nakala ya kitabu. Coppola alisoma, akaenda Tulsa kwenyewe kupiga picha, na filamu ilitoka mwaka 1983 ikiwataja watoto wale na mkutubi wao. Barua ya watoto ilifanya kazi hiyo!

Kwetu mawakala wa vitabu ni wachache sana, na waandishi wengi hupeleka muswada moja kwa moja kwa mchapishaji. Milango mingine ni mashindano. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kwa waandishi wa Kiswahili wa Afrika nzima kuna Tuzo ya Safal, inayopokea hata miswada isiyochapishwa. Lakini kabla ya mlango wowote kuna yule msomaji wa kwanza: rafiki, mwalimu, shangazi apendaye vitabu.

Basi wanangu, kila mmoja akachukue daftari lake chini ya godoro. Arudie kazi yake mpaka aone hana la kuongeza wala la kupunguza. Kisha, kabla wiki haijaisha, ampe mtu mmoja asome.