Konti ya pamoja: « ou » ao « et »?

Baba yuko Kamituga ndani ya shimo, mama yuko Bukavu na watoto. Ili makuta yasipotelee njiani, wengi wetu tunafungua konti ya pamoja. Ni vizuri, lakini ile fomu ya benki tunaisaini haraka sana.

Ikiandikwa « ou » kati ya majina mawili, kila mmoja anaweza kutoa feza peke yake, hata yote siku moja. Benki haiulizi nani alichimba. Na konti ikishuka chini ya sifuri, inaweza kumdai yeyote kati yenu, hata yule hakutoa kitu.

Ikiandikwa « et », bila sahihi zote mbili hakuna kitu kinatoka, hata mtoto akiwa hospitali. Na barabara ya Kamituga, wakati wa mvua, wote tunaijua.

Wababa wengine wanasema mke anahitaji ruhusa ya bwana. Hiyo ilikuwa Kodi ya familia ya 1987. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliiondoa. Mama naye aende kwenye gishe, aombe karatasi ya kuonyesha nini iliingia na nini ilitoka. Jina lake liko pale.