Vitabu Vinavyochunguza Kifo cha Brian Jones: Ushahidi, Uvumi na Wajibu wa Msomaji

Katika maandishi yanayohusu muziki wa roki kuna tanzu moja iliyostawi sana tangu miaka ya 1980, nayo ni ile ya vitabu vinavyochunguza upya vifo vya wanamuziki mashuhuri, hasa vifo ambavyo mamlaka zilikwisha kuvitolea uamuzi lakini mashabiki hawakuridhika nao. Mfano ulio bora zaidi wa tanzu hii ni kifo cha Brian Jones, mwanzilishi wa bendi ya Rolling Stones ya Uingereza, kwa kuwa vitabu vilivyomhusu vimetoka kwa zaidi ya miongo mitatu, vinapingana wazi, na vinampa msomaji nafasi nzuri ya kujifunza jinsi ushahidi unavyozaliwa, unavyokua na wakati mwingine unavyoharibika. Makala haya yanaeleza yaliyothibitishwa kuhusu kifo hicho, yanaonyesha kila kitabu kilileta jambo gani jipya, kisha yanapendekeza vigezo ambavyo msomaji wa kawaida anaweza kuvitumia kupima madai ya aina hiyo.

Brian Jones alizaliwa tarehe 28 Februari 1942 katika mji wa Cheltenham, Uingereza, na mwaka 1962 ndiye aliyewakusanya wanamuziki waliokuja kuwa Rolling Stones, akaipa bendi jina hilo na kuiongoza katika siku zake za mwanzo. Alikuwa na kipaji cha nadra cha kushika ala ambayo hakuizoea na kuipatia nafasi katika wimbo, ndiyo maana anasikika akipiga sitari ya Kihindi katika “Paint It Black” na marimba katika “Under My Thumb”, rekodi zote mbili zikiwa za mwaka 1966. Hata hivyo, kadiri utunzi wa nyimbo ulivyohamia mikononi mwa wenzake Mick Jagger na Keith Richards, na kadiri ulevi, dawa za kulevya na kesi za mahakamani zilivyomdhoofisha, nafasi yake katika bendi ilififia, hata Juni 1969 akaachana nayo na mahali pake pakachukuliwa na Mick Taylor.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai 1969, Jones alikutwa chini ya maji katika bwawa la kuogelea la nyumba yake iitwayo Cotchford Farm, iliyoko Sussex Mashariki, ambayo zamani ilikuwa ya A. A. Milne, mwandishi wa hadithi za watoto za Winnie-the-Pooh. Alikuwa na umri wa miaka 27. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa wakati huo, watu watatu walikuwapo nyumbani pamoja naye: mpenzi wake Anna Wohlin kutoka Sweden, fundi wa ujenzi aliyekuwa akisimamia ukarabati wa nyumba, na mwanamke mmoja muuguzi. Siku chache baadaye, tarehe 7 Julai, kikao cha uchunguzi wa kifo kilifanyika katika mji wa East Grinstead, na mchunguzi wa vifo, yaani ofisa wa sheria mwenye jukumu la kupokea ushahidi kuhusu vifo vya ghafla au visivyoeleweka, alitoa uamuzi kwamba marehemu alikufa kwa ajali iliyotokana na tendo lake mwenyewe. Chanzo kilichoandikwa kilikuwa kuzama majini, kukichangiwa na pombe, dawa, na ini lililoharibika kwa kujaa mafuta. Kipimo cha damu kilionyesha miligramu 140 za pombe katika kila mililita 100, kiasi kinachokaribia mara mbili ya kile cha miligramu 80 ambacho sheria ya Uingereza ilimruhusu dereva.

Ili kuuelewa uamuzi huo ni lazima kujua mipaka ya chombo kilichoutoa. Kikao cha uchunguzi wa kifo chini ya sheria ya Uingereza si kesi ya jinai, kwa hiyo hakina mshtakiwa wala mwendesha mashtaka, na kazi yake ni kujibu maswali manne tu, yaani marehemu ni nani, alikufa wapi, lini na kwa namna gani. Uchunguzi wa maiti nao una mipaka yake, kwa sababu hakuna dalili moja inayotosha kuthibitisha kuzama; daktari hutazama mapafu yaliyovimba, povu katika njia ya hewa na hali ya viungo vingine, kisha huondoa vyanzo vingine kimoja baada ya kingine. Kipimo cha mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambacho husaidia pale mtu anapozama mtoni au ziwani, hakisaidii sana katika bwawa lililotiwa dawa ya kusafisha maji. Zaidi ya hayo, mwili uliotolewa majini unaweza kuonyesha kwamba mtu alizama bila kuonyesha kama alizama peke yake au alizamishwa, isipokuwa pale ambapo nguvu iliyotumika imeacha majeraha. Mlango wa mashaka, basi, ulibaki wazi tangu siku ya kwanza, na vitabu vilivyofuata viliingilia hapo.

Vitabu vya awali vilikuwa vya kumbukumbu na masimulizi zaidi kuliko vya upelelezi. Nicholas Fitzgerald, aliyejitambulisha kuwa rafiki wa marehemu, alichapisha mwaka 1985 maelezo ya mambo aliyodai kuyaona mwenyewe kando ya bwawa usiku ule. Mwaka 1990 A. E. Hotchner, mwandishi wa Kimarekani aliyejulikana kwa wasifu wa Ernest Hemingway, alitoa kitabu kuhusu Rolling Stones na mwisho wa miaka ya 1960, ambamo shahidi aliyefichwa kwa jina la bandia alisimulia kwamba wanaume waliokuwa bwawani walimshikilia Jones chini ya maji. Madai hayo yalikuwa mazito, lakini yalikuwa na udhaifu wa pamoja: yalitolewa miaka kumi na sita au zaidi baada ya tukio, na yalitegemea watu ambao hawakusimama mbele ya mchunguzi wa vifo mwaka 1969, ambapo maelezo yao yangeweza kuulizwa maswali na kulinganishwa na ya wengine.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1994, pale Terry Rawlings na Geoffrey Giuliano walipochapisha, kila mmoja kwa upande wake, vitabu vilivyodai kwamba Jones aliuawa. Kitabu cha Rawlings kilijengwa juu ya simulizi kwamba yule fundi wa ujenzi, akiwa katika sakarati ya mauti, alikiri mbele ya mfanyakazi wa zamani wa bendi kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo hicho. Fundi huyo alikuwa amefariki mwaka 1993, yaani muda mfupi kabla ya kitabu kutoka, na tarehe hizo mbili zinastahili kuzingatiwa pamoja, kwa kuwa sheria ya kashfa ya Uingereza humlinda aliye hai pekee, na aliyekwisha kufa hana haki ya kushtaki wala familia yake haiwezi kushtaki kwa niaba yake. Kwa kuwa mtu huyo hakuwahi kushtakiwa wala kutiwa hatiani na mahakama yoyote, jina lake halirudiwi katika makala haya, ingawa vitabu vimelitaja mara nyingi.

Anna Wohlin naye aliingia katika mjadala mwaka 1999 kwa kitabu chake mwenyewe kilichodai kwamba palikuwa na mauaji. Ushahidi wake una thamani ya pekee, kwa sababu alikuwapo, alishiriki katika kumtoa Jones majini, na alishikilia kwamba mapigo ya moyo yalikuwa bado yapo wakati huo. Pamoja na hayo, maelezo ya mwaka 1969 yanaonyesha kuwa alikuwa ndani ya nyumba wakati Jones anazama, hivyo yale aliyoyashuhudia kwa macho yake ni hali ya baada ya tukio, na hitimisho kuhusu mauaji ni tafsiri iliyojengwa katika muda wa miaka thelathini. Filamu iitwayo “Stoned”, iliyoongozwa na Stephen Woolley na kutolewa mwaka 2005, iliichukua nadharia ya fundi na kuionyesha kama jambo lililotukia, na hapo ndipo watazamaji wengi ambao hawakuwahi kukisoma kitabu chochote kati ya hivi walipoipokea nadharia kama historia.

Kilele cha mlolongo huo kilifika mwaka 2009, pale mwandishi wa habari Scott Jones alipokabidhi nyaraka alizozikusanya kwa polisi wa Sussex, nao wakakubali kuzipitia. Mwaka uliofuata polisi walitangaza kwamba hawakupata ushahidi mpya wa kuonyesha kuwa uamuzi wa 1969 ulikuwa na makosa, na kwa hiyo kesi haikufunguliwa. Mwaka 2014 Paul Trynka alichapisha wasifu mrefu wa Jones ambao ulizipima nadharia za mauaji, ukaona zina nyufa nyingi, kisha ukatumia sehemu yake kubwa kueleza jambo ambalo vitabu vingine vilikuwa vimelisahau, yaani mchango wa mtu huyo katika kuzaliwa kwa bendi na katika sauti iliyoipa umaarufu.

Mtu anayevipanga vitabu hivi kwa miaka ataona mwenendo mmoja ulio dhahiri: ushahidi wa kimwili haukuongezeka hata kidogo, kwani damu, ini na mapafu vilipimwa mara moja tu mwezi Julai 1969, wakati ushahidi wa maneno uliongezeka kila muongo na kuwa na maelezo ya kina zaidi kadiri tukio lilivyokuwa mbali. Mwenendo huo ni kinyume cha vile kumbukumbu ya binadamu inavyofanya kazi. Katika jaribio la mwaka 1974, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi za magari yakigongana, wakagundua kwamba walioulizwa kwa kitenzi chenye ukali zaidi walikadiria mwendo mkubwa zaidi, na kwamba baada ya wiki moja walioulizwa hivyo walielekea zaidi kusema kuwa waliona vioo vilivyovunjika, ilhali filamu haikuwa na vioo vya namna hiyo. Ikiwa neno moja linaweza kubadilisha kumbukumbu ya wiki moja, basi miaka thelathini ya mahojiano, vitabu na filamu inaweza kuibadilisha zaidi, hata pale ambapo shahidi hana nia yoyote ya kudanganya.

Udhaifu wa pili ni wa simulizi la kukiri. Wanasheria huita maelezo ya aina hii ushahidi wa kuambiwa, yaani maneno ya mtu ambaye hayupo mahakamani yanayoletwa na mtu mwingine, na mahakama huyapokea kwa tahadhari kwa sababu aliyeyasema hawezi kuulizwa alikusudia nini, alikuwa na akili timamu kiasi gani, wala kama aliyasema kweli. Mtu aliyekufa anapodaiwa kukiri mbele ya shahidi mmoja, na habari hiyo ikafika kwa umma kupitia kitabu kinachouzwa, madai hayo yanahitaji kuungwa mkono na kitu kingine kilicho huru, na katika suala la Jones hakuna nyaraka wala kipimo kilichojitokeza kutoa msaada huo.

Ni haki pia kukiri kwamba waandishi hawa hawakufanya kazi bure. Wamewatafuta watu ambao hakuna ofisa aliyewatafuta, wamefukua maelezo yaliyosahauliwa katika makabati, na wameonyesha kwamba kikao cha 1969 kilikuwa kifupi mno kwa kifo cha kijana wa miaka 27 aliyekuwa na ugomvi, madeni na wageni wengi nyumbani kwake. Jamii inayoruhusu uamuzi wa serikali uhojiwe ni jamii yenye afya, na sheria ya Uingereza yenyewe inaruhusu Mahakama Kuu, kwa idhini ya Mwanasheria Mkuu, kuamuru uchunguzi mpya wa kifo ikiwa haki inadai hivyo. Tatizo linaanza pale shaka halali kuhusu upungufu wa uchunguzi inapogeuzwa kuwa uhakika kuhusu mauaji, na kuwa uhakika kuhusu muuaji.

Msomaji anayekutana na kitabu cha aina hii, kiwe kuhusu Jones, kuhusu mwanamuziki Jim Morrison aliyefariki Paris mwaka 1971 bila mwili wake kufanyiwa uchunguzi wa kitabibu, au kuhusu mwanamuziki Kurt Cobain wa Seattle ambaye faili lake polisi walilipitia upya mwaka 2014 bila kubadilisha hitimisho lao, anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kuamini. Kwanza, je, shahidi anasimulia alichokiona au alichoambiwa? Pili, je, maelezo yake yaliandikwa karibu na tukio, au yalijitokeza baada ya nadharia kuwa maarufu? Tatu, je, mtu anayetuhumiwa alikuwa hai na mwenye uwezo wa kujibu wakati tuhuma zilipochapishwa? Methali husema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja, lakini methali hiyo ni onyo kwa anayepuuza tetesi, haiwezi kuwa hati ya kumhukumu mtu.

Kwa vigezo hivyo, hukumu inayostahili kutolewa juu ya vitabu vya kifo cha Brian Jones ni kwamba vimethibitisha upungufu wa uchunguzi, lakini havijathibitisha mauaji. Uamuzi wa tarehe 7 Julai 1969 bado ndio uliopo kisheria, na hautabadilika kwa wingi wa vitabu, isipokuwa kwa ushahidi unaoweza kusimama mbele ya mahakama.