Mbabula ya Chuma na Mbabula ya Udongo

Makala ya Kisangani hutoka mbali. Mengine huja kwa baiskeli katika njia ya Buta na njia ya Ituri. Mifuko mirefu imefungwa kwa kamba, na mwenye baiskeli anaisukuma akitembea, kwa sababu mahali pa kukaa hapana tena. Mengine huja kwa mtumbwi mpaka ukingo wa mji. Watu wa Makiso, wa Mangobo, wa Kabondo na wa Lubunga wanayangoja, kwa kuwa katika nyumba nyingi chakula cha kila siku hupikwa kwa makala. Maji ya mto Tshopo yanatoa umeme tangu miaka ya 1950, lakini umeme huo hautoshi kupikia mji mzima. Basi tujifunze leo jinsi makala yanavyowaka, na kwa nini watu wengine wanaacha mbabula ya zamani na kuchukua nyingine.

Makala ni nini? Ni mti ulioungua bila kupata hewa ya kutosha. Mchomaji hukata miti, huipanga kama kilima, huifunika kwa majani na udongo, kisha hutia moto kwa tundu moja. Udongo unazuia hewa. Kwa hiyo mti hauwi majivu. Unatoa maji yake na moshi wake, na yanayobaki ni makala meusi na mepesi. Kazi hii ni ya siku nyingi, na mchomaji halali vizuri. Udongo ukipasuka usiku naye hakuona, hewa inaingia, na asubuhi anakuta majivu matupu. Tena kazi hii inakula miti sana. Kilo 100 za mti mkavu, katika kilima cha udongo, hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Shikeni hesabu hiyo, tutaitumia mbele.

Sasa tuangalie mbabula ya zamani. Ninyi nyote mnaijua. Fundi wa mabati huchukua pipa kuukuu la mafuta au ringi ya gurudumu la gari, hukata, hupiga nyundo, hutoboa matundu, hutia miguu mitatu. Ni chombo chepesi, bei yake ndogo, na mama hukibeba kwa mkono mmoja. Lakini wekeni mkono karibu na ubavu wake makala yanapowaka (msiguse!). Mnasikia nini? Mnasikia joto kali. Joto hilo mama amelinunua sokoni, nalo halikuingia katika chungu. Limetoka ubavuni, limekwenda na upepo.

Chuma kina tabia ya kupokea joto upesi na kulitoa upesi. Ndiyo sababu mpini wa kijiko cha chuma hukuunguza, na mpini wa mwiko wa mti haukuunguzi. Tena mbabula nyingi za zamani zina matundu makubwa pande zote. Upepo unaingia unavyotaka, makala yanawaka kwa nguvu hata wakati chakula kinataka moto mdogo tu. Maharagwe yakianza kuchemka, hayahitaji moto mkubwa kama wa kwanza; lakini mbabula isiyo na mlango haijui kupunguza.

Mbabula mpya imetengenezwa kwa kufuata mambo hayo. Nje ni bati, ndani kuna bakuli nene la udongo uliochomwa, lenye matundu chini. Udongo hupitisha joto polepole. Joto linarudi juu, kwenye chungu. Chungu chenyewe kinakaa karibu na makala, juu ya vipande vitatu vifupi. Chini kuna mlango mdogo wa bati: ukiufungua, hewa inaingia na moto unakua, ukiufunga nusu, moto unatulia. Mimi naona mlango huo mdogo ndio akili kubwa ya chombo hiki.

Mbabula ya namna hii ilienea sana Kenya tangu miaka ya 1980. Mafundi wa huko walitazama jiko la ndoo la nchi ya Thailand, wakaligeuza likafaa mapishi yao: kiuno chembamba, juu pana, chini pana, ili lisianguke. Leo linajulikana katika nchi nyingi za Afrika. Katika Kivu vilevile, mjini Goma, watu wamefundishwa kuzitengeneza na kuzitumia, kwa sababu makala mengi ya Goma yalikuwa yakitoka katika miti ya hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyowekwa mwaka 1925.

Hata Ulaya na Marekani watu wamehangaika na jambo hilihili. Huko ni baridi, nao huwasha moto ili kupasha nyumba. Nyumba nyingi zilikuwa na tanuru kubwa chini ya sakafu, likichoma makaa ya mawe, yaani yale yanayochimbwa ardhini, kama ya Luena na ya Kalemie hapa Kongo. Tanuru lilipasha hewa, hewa ikapanda vyumbani. Tanuru likichakaa, wengine waliweka mahali pake birika kubwa la chuma: moto unachemsha maji, na maji ya moto yanazunguka nyumbani katika mabomba. Meli za zamani za mto wetu nazo zilikuwa na birika kubwa, likichemshwa kwa kuni, na mvuke wake uligeuza mashini. Sisi tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, hatuhitaji kupasha nyumba. Lakini ulizo ni moja: joto tulilolilipia linakwenda wapi?

Haya, tufanye hesabu. Tufikiri jamaa moja inamaliza mfuko mmoja wa makala kila mwezi, na mfuko una kilo 30. Kwa mwaka ni mifuko 12. Mbabula ya udongo iliyotengenezwa vizuri inaweza kupunguza sehemu moja ya tatu, pengine zaidi. Basi jamaa hiyo itanunua mifuko 8. Imebakiza mifuko 4, ndiyo kilo 120. Sasa rudini kwa mchomaji. Kilo 120 za makala zilitaka miti mikavu ya kilo 600 mpaka 1,200. Hiyo ni jamaa moja tu. Hesabuni nyumba za barabara yenu.

Je, kila mtu abadili mara moja? Hapana, mambo si mepesi hivyo. Mbabula ya udongo bei yake ni kubwa kuliko ya bati tupu, na mwenye kununua makala kwa vifurushi vidogo kila jioni hana fedha nyingi kwa siku moja. Tena kuna mbabula mbaya sokoni: udongo mwembamba, haukuchomwa vizuri, unapasuka katika mwezi wa kwanza. Mama mwenye busara hupiga udongo kwa ukucha na kusikiliza. Uliochomwa vizuri hulia kama chungu kizuri. Tena atazame kama mbabula inasimama imara. Fufu hukorogwa kwa nguvu. Mbabula ndogo chini ya chungu kikubwa itapinduka, na mtoto aliye karibu ataungua.

Liko neno moja zaidi, nalo ni zito. Makala yanapowaka hutoa hewa yenye sumu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haitoi machozi kama moshi wa kuni. Mtu akiivuta, inaingia katika damu na kushika mahali pa hewa nzuri. Kwanza anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Katika chumba kilichofungwa, anaweza kufa asiamke. Hapa kwetu mvua hunyesha karibu miezi yote, na watu huingiza mbabula ndani ili makala yasizimike. Hapo ndipo hatari ilipo. Mbabula mpya haiondoi sumu hiyo. Hata mlango wake ukifungwa sana, sumu huweza kuzidi. Pikeni nje, au chini ya kibanda kisicho na kuta. Usiku, mbabula yenye makala mekundu ilale nje, hata kama mvua inanyesha. Na mkimkuta mtu amelegea chumbani penye mbabula, fungueni milango, mvuteni nje upesi, iteni watu wakubwa, apelekwe hospitali. Msikae ndani pamoja naye kumwamsha.

Moshi wa jikoni nao si mchezo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya moto wa nyumbani iliua watu zaidi ya milioni 3 ulimwenguni. Kati yao, watoto wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Yule aliyeleta nyumbani mbabula ya udongo asiijaze makala siku ya kwanza. Awashe moto mdogo, auache ufe wenyewe. Siku ya pili moto mkubwa kidogo. Ndivyo udongo unavyozoea. Asimwage maji ndani kuzima makala, kwa maana udongo wa moto ukipata maji hupasuka. Makala yaliyobaki ayatoe kwa koleo, ayatie katika kopo la bati lenye kifuniko huko nje, yatazima yenyewe, na kesho yatawaka tena. Majivu yaliyopoa yapelekwe katika bustani, chini ya lengalenga.