Kipanya Kinapogoma Baada ya Kuweka Mfumo Mpya

Katika toleo hili tunaomba tuiweke sarufi kando kidogo tuzungumzie kipanya cha kompyuta. Kifaa hiki kidogo kimewahi kututia hasara kubwa, nasi hatupendi yawapate wengine.

Maabara yetu ya lugha ina kompyuta kadhaa zilizotengenezwa mwaka 2013. Zinatumia mfumo endeshi wa Windows 7 kwa sababu programu yetu ya zamani ya mazoezi ya kusikiliza haikubali mifumo mipya. Siku moja kabla ya mtihani, mwenzetu mmoja alisakinisha upya mfumo huo katika kompyuta iliyokuwa ikisumbua. Kazi ilipokwisha, kishale kilikuwa kimeganda katikati ya skrini. Akadhani usakinishaji umeharibika, akarudia. Hali ikawa ileile. Mara ya tatu akafuta diski nzima. Humo mlikuwa na mahojiano ambayo wanafunzi wetu waliyarekodi kwa wafanyabiashara wa mpakani, Busia na Malaba, na hapakuwa na nakala nyingine popote. Baadaye kipanya kilichomekwa kwenye tundu jingine, kikatembea papo hapo.

Kwa nini hutokea

Kompyuta na kipanya havielewani moja kwa moja. Kati yake huwepo programu ndogo iitwayo kiendeshaji, ambayo kazi yake ni kama ya mkalimani. Unapoweka mfumo upya na kufuta wa zamani, wakalimani wa zamani huondoka nao. Mfumo mpya huja na wakalimani wake, lakini si lazima wajue lugha ya kila kifaa.

Windows 7 ilitolewa mwaka 2009 bila kiendeshaji cha matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya samawati ndani. Matundu ya USB 2.0, ambayo mara nyingi ni meusi, iliyafahamu vizuri. Kipanya chetu kilikuwa kwenye samawati na kibodi kwenye jeusi, ndiyo maana kibodi iliitika na kipanya kikanyamaza.

Katika kompyuta nyingi zenye vichakataji vya Intel vya kuanzia mwaka 2015, matundu yote hupitia kidhibiti cha USB 3.0. Huko, ukiweka Windows 7, kipanya na kibodi hunyamaza pamoja tangu hatua za mwanzo. Dawa ni kutumia vifaa vya tundu la mviringo la PS/2, kama lipo, au kuongeza kiendeshaji cha USB 3.0 katika diski ya kusakinishia kabla ya kuanza.

Hatua za kufuata

1. Usirudie usakinishaji, na usifute chochote. Kipanya kugoma si dalili kwamba mfumo umeharibika.

2. Chomoa kipanya, ukichomeke kwenye tundu jingine, hasa jeusi la nyuma ya kompyuta. Kikiwa cha PS/2, zima kompyuta kwanza, kichomeke, kisha uiwashe.

3. Kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi huko, kipanya ni kizima. Tatizo liko kwenye tundu au kiendeshaji. Kisipofanya kazi popote, tafuta kingine.

4. Kikiwa hakina waya, angalia betri na swichi ya chini. Kipanya cha Bluetooth lazima kiunganishwe upya na mfumo mpya, kwa hiyo azima cha waya kwa muda.

5. Tumia kibodi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Orodha ya vifaa itafunguka. Tembea kwa Tab na mishale. Kifaa chenye alama ndogo ya njano ndicho kinachokosa mkalimani. Kichague, bonyeza Shift pamoja na F10 upate menyu yake, kisha chagua amri ya kusasisha kiendeshaji. Kiendeshaji chenyewe hupatikana katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Kipakue kwa kompyuta nyingine na ukilete kwa flashi.

6. Ukihitaji kishale kitembee kabla kipanya hakijapona, bonyeza Alt na Shift za kushoto pamoja na Num Lock, kisha Enter. Namba za upande wa kulia wa kibodi zitakisogeza: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 5 ni kubofya.

Tahadhari moja: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta inayolazimika kubaki nayo, kama zetu, isiunganishwe na intaneti.

Neno lenyewe

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tusiondoke mikono mitupu. Douglas Engelbart alikionyesha kifaa hiki hadharani San Francisco mwaka 1968. Waya wake ulifanana na mkia, kikaitwa panya. Kiswahili kikaongeza ki- ya udogo. Mwalimu anaweza kuanzia hapo somo la upatanisho: panya amekufa, lakini kipanya kimekufa. Tena wanafunzi wetu wengi husema "mausi" kwa kuwa hatua kama hizi hawajawahi kuzisoma kwa Kiswahili. Tunashauri kila maabara izibandike ukutani, na wanafunzi wazisome kwa sauti siku ya kwanza.

Mahojiano ya Busia na Malaba hatukuyapata tena. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mfumo wa kompyuta yoyote, weka nakala ya kazi zako mahali pengine. Kinga ni bora kuliko tiba.