Mvulana wa Mgodini na Kitabu Chake

Watoto wa Geita na Shinyanga hawana haja ya kuelezwa mgodi ni kitu gani. Huko Nyarugusu na Mwakitolyo wamewaona watu wakishuka katika duara kwa kamba, na mawe yakisagwa ili ipatikane dhahabu kidogo. Wengine wana kaka zao humo, na pengine wao wenyewe hushawishika kuacha daftari wakawafuate. Kwa hiyo yafaa wasome maisha ya Booker T. Washington, kwa kuwa yeye aliisikia habari ya shule akiwa chini ya ardhi.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 1856. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, alifanya kazi katika matanuru ya chumvi, kisha katika mgodi wa makaa ya mawe. Siku moja, humo gizani, wachimbaji wawili walikuwa wakizungumza habari za shule kubwa ya watu weusi iitwayo Hampton. Akawanyemelea kimya kimya apate kusikia vema. Mwaka 1872 alifunga safari ya kilometa 800 hivi, akitembea kwa miguu na kuomba kupakiwa katika magari ya watu. Alipofika, bibi mwalimu hakumpa hesabu wala barua ya kusoma, bali alimwambia akafagie chumba. Alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne. Yule bibi akapitisha leso yake ukutani na mezani, asione vumbi, basi akapokewa. Mwaka 1881 akawa mkuu wa shule mpya ya Tuskegee, na mwaka 1901 akatoa kitabu cha maisha yake.

Wasomaji wengi hukumbuka ufagio tu, wakafunga kitabu. Huko ni kusoma nusu. Ufagio wenyewe alifundishwa na mke wa mwenye mgodi, mama mkali asiyevumilia taka. Wazee waliokuwa watumwa walimchangia senti, na wengine leso, apate kwenda. Kaka yake John alimsaidia kwa ujira wake mdogo wa mgodini. Baadaye Booker naye akamsaidia John kwenda Hampton. Ama wale wachimbaji wawili, hata majina yao hayakuandikwa. Ajiandikaye kwa kawaida ni yule aliyefika, naye huchagua la kusema.

Hata hivyo wako wasemao na uchungu wao. Shaaban Robert wa Tanga, aliyekuwa karani wa serikali miaka mingi, alitoa Maisha Yangu mwaka 1949, wala hakuficha huzuni ya kufiwa na mkewe Amina. Atafutaye humo habari za cheo na mshahara tu atashangaa.

Kitabu cha namna hii kisomwe mara mbili: kwanza kwa hadithi yake, kisha kwa kalamu mkononi, kila aliyemsaidia mwandishi akiandikwa kando. Katika kitabu cha Washington wa kwanza ni mama yake. Ndiye aliyemtafutia kitabu cha kujifunzia herufi, naye mwenyewe hakujua kusoma.